Kabla Hujawasha Grenda, Lisome Jiwe Lake

Karibu kila mtaa wenye ujenzi una grenda. Fundi wa mageti anakatia skwea paipu, fundi mwashi anakatia nondo, fundi wa marumaru anakata vipande vya kona, fundi umeme anachana ukuta ili apitishe nyaya. Wengine hununua ya nyumbani tu, ya kukatia kufuli lililopotelewa na ufunguo. Ni mashine nyepesi, na dukani huulizwi cheti chochote. Lakini kinachokata si mashine yenyewe, ni jiwe lililofungwa mbele yake, na jiwe hilo wengi wetu hulipokea kwa muuzaji bila hata kuligeuza kusoma limeandikwa nini. Ajali nyingi za grenda zingezuilika hapo hapo dukani, kabla umeme haujawashwa.

Jiwe ninalolisema ni kitu gani? Mawe haya ni ya aina mbili kubwa. La kwanza ni jiwe jembamba la kawaida: chembe ngumu zilizogandishwa kwa gundi, na ndani yake wavu wa nyuzi za kioo unaolishikilia lisisambaratike. Hili hulika kadiri linavyokata, na ndivyo linavyotakiwa kufanya kazi. La pili ni diski ya almasi, yaani sahani ya chuma yenye chembe za almasi za viwandani kwenye ukingo, ya kukatia zege, tofali na marumaru. Diski ya almasi yenye ukingo uliokatwakatwa ni ya kazi kavu ya zege na tofali. Yenye ukingo mzima usio na mapengo ni ya marumaru, na kwa kawaida huhitaji maji.

Kwa nini tuhangaike na maandishi? Kwa sababu ya mwendo. Mawe mengi ya grenda yametengenezwa ili ukingo wake usizidi mita 80 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 288 kwa saa, zaidi ya mara tatu ya mwendo anaoruhusiwa dereva wa basi la abiria kwenye barabara kuu zetu. Kipande kikichomoka kwa mwendo huo hakikupi nafasi ya kukwepa.

Basi shika jiwe dogo la inchi 4½ uligeuze penye mwanga. Utaona tarakimu kama 115 × 1.0 × 22.23. Ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara zima kwa milimita. Ya pili ni unene. Ya tatu ni upana wa tundu la katikati. Karibu yake kuna 80 m/s, huo ndio mwendo wa ukingo niliousema, kisha namba kubwa inayomalizia na rpm au min⁻¹, kwa mfano 13,300. Hiyo ni idadi ya mizunguko kwa dakika ambayo jiwe halipaswi kuivuka. Mawe mengi yana pia mstari wa rangi: mwekundu ni mita 80 kwa sekunde, kijani ni 100. Kuna na herufi: A ni jiwe la chuma, C ni la mawe na zege. Mwisho tazama kipete cha bati kinachozunguka tundu. Hapo hugongwa tarehe ndogo sana, mwezi na mwaka, ambayo mara nyingi hutanguliwa na herufi V au EXP. Ni tarehe ya mwisho wa matumizi. Gundi ile huchoka kwa unyevu, joto na muda, ndiyo maana watengenezaji hulipa jiwe miaka 3 tu tangu litengenezwe. Diski ya almasi haina gundi hiyo, kwa hiyo haiwekewi tarehe.

Jiwe lisilo na maandishi, au lililobanduka karatasi yake, usilinunue hata ukipewa kwa nusu bei. Ukilikuta limepita tarehe, mrudishie muuzaji. Jiwe dogo la kukatia chuma huuzwa kwa shilingi elfu chache tu za Tanzania, na huo si mzigo wa kumfanya mtu auweke uso wake rehani.

Sasa geukia grenda yenyewe. Kwenye kibati chake pameandikwa mizunguko yake. Grenda ndogo ya inchi 4½ kwa kawaida huzunguka mara 11,000 kwa dakika. Kubwa ya inchi 9 huzunguka kama mara 6,500. Watu hushangaa kusikia kwamba ndogo ina kasi kuliko kubwa, lakini ndivyo ilivyo, kwa sababu jiwe pana likizungushwa polepole bado ukingo wake unakwenda mbio. Kanuni ni moja: namba ya mizunguko kwenye jiwe lazima iwe sawa na ya mashine au kubwa zaidi. Ikiwa ndogo, jiwe hilo si la mashine hiyo.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo watu wanapokatika. Fundi ana kazi ya kukata kitu kinene, grenda ndogo haifiki kina, basi anavua kava, anafunga jiwe la inchi 9 kwenye grenda ndogo. Fanya hesabu. Jiwe hilo limeandikwa 6,600, nawe unalizungusha mara 11,000. Ukingo wake sasa unakwenda zaidi ya mita 130 kwa sekunde, na nguvu inayotaka kulipasua imekuwa karibu mara tatu ya ile liliyotengenezwa kuivumilia. Linaweza kukubali leo, kesho likapasuka. Na kava, kitu pekee ambacho kingezuia vipande visikufikie usoni, ulikwisha kulivua ili jiwe liingie. Kama jiwe haliingii bila kuvua kava, hilo si jiwe la grenda hiyo, na hakuna kazi inayobadilisha jambo hili.

Vipi kuhusu jiwe la inchi 9 lililokwisha likabaki dogo, linaloonekana kuenea kwenye grenda ndogo? Nalo liache. Lile 6,600 lililoandikwa halibadiliki kwa sababu jiwe limepungua. Isitoshe limekwisha kupigwa na joto na mishtuko ya kazi nyingi, huwezi kujua ndani lina ufa gani. Livunje ulitupe, asije mtoto au msaidia fundi akaliokota.

Angalia na tundu. Grenda nyingi za inchi 4 zinazouzwa kwetu huchukua tundu la milimita 16, wakati za inchi 4½ na kuendelea huchukua milimita 22. Usitanue tundu kwa kulichonga, wala usijaze pengo kwa washa za kuokoteza. Jiwe lisilokaa katikati sawasawa hutikisika, na jiwe linalotikisika kwa kasi hiyo haliko mbali na kupasuka.

Je, grenda inaweza kukatia mbao? Swali hili huulizwa sana, hasa na maseremala wanaoona diski za meno zinauzwa zenye tundu linaloenea kabisa. Jibu langu ni hapana, bila nyongeza. Meno ya msumeno huuma mbao. Yakiuma kwa mizunguko 11,000, grenda hunyanyuka mkononi na kuruka kumfuata aliyeishika. Diski nyingi za mbao zimeandikiwa mizunguko iliyo chini ya hiyo, na kava la grenda halikutengenezwa kwa ajili yake. Majeraha yake huwa mabaya kuliko ya jiwe, kwani meno hayakwaruzi, yanachana nyama na mishipa. Mbao zina msumeno wa mkono na mashine yake ya kupasulia. Diski ya meno usiifunge pia kwenye mashine ya petroli ya kukatia zege.

Umepata jiwe sahihi, unalifungaje? Chomoa waya kwenye soketi kwanza. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, maana kidole kinaweza kuigusa ukiwa umeshika jiwe. Futa vumbi kwenye vile vibati viwili vinavyolibana jiwe, cha ndani na cha nje. Litazame jiwe pande zote: likiwa na ufa, limemeguka ukingo, limepinda au lililowa maji, litupe. Diski ya almasi ina mshale, elekeza mshale upande mashine inakozunguka. Kaza nati kwa spana yake yenye meno mawili mpaka ishike, lakini usiigonge kwa nyundo wala usiongeze bomba kwenye spana. Lizungushe jiwe kwa mkono uone haligusi kava. Kisha chomeka, simama pembeni, elekeza grenda mahali pasipo na mtu, uiache izunguke dakika moja nzima bila kukata chochote. Jiwe bovu mara nyingi hujionyesha katika dakika hiyo. Ukisikia mtikisiko usio wa kawaida, zima.

Kava likae kati yako na jiwe. Grenda nyingi huruhusu kulizungusha, basi lizungushe mpaka upande uliofungwa uwe unakutazama wewe na cheche zielekee mbele. Mkono wa pembeni nao ufungwe. Wengi huuvua kwa kuona unawazuia, lakini ndio unaokuwezesha kuishika grenda inapotaka kukuponyoka. Grenda hushikwa kwa mikono miwili, kila mara, hata kwa kazi ya sekunde tano.

Mbona grenda huruka ghafla hata jiwe likiwa zima? Kwa sababu jiwe limebanwa. Chukua skwea paipu ya mita 6, iegemeze kwenye tofali mbili, moja kila mwisho, uanze kukata katikati. Mwanzoni inakatika vizuri. Kadiri unavyoingia, bomba linapoteza nguvu, linalegea katikati kuelekea chini, na midomo miwili ya mkato inafungana juu. Jiwe limo ndani. Linakabwa, na nguvu yote iliyokuwa inalizungusha inairusha grenda kwako. Dawa yake ni kupanga tofali, si kutumia misuli. Weka tegemeo zote mbili upande unaobaki, umalize mkato nje yake, ili kipande kinachokatwa kishuke chenyewe na mkato ufunguke badala ya kufunga. Kipande kifupi kibane kwenye jiriwa, ile ambayo wengi tunaiita vaisi. Usikikanyage kwa mguu, wala usimwambie kijana akushikie.

Acha jiwe lifikie kasi yake kamili kabla halijagusa chuma. Kata kwa mstari ulionyooka, kwa sababu jiwe la milimita 1 halijui kona, ukilipinda linavunjika. Usilikandamize, liache lile chuma lenyewe. Likinasa, zima, subiri lisimame kabisa, ndipo ulitoe. Usikate kitu kilicho juu ya mabega yako wala ukiwa umening'inia ngazini. Na jiwe la kukatia usilitumie kwa ubavu kulainisha maungio. Kazi hiyo ina jiwe lake nene, la milimita 6 hivi. Kwa mashine ya petroli yenye diski ya inchi 12 au 14 ongeza tahadhari moja: robo ya juu ya mbele ya diski isiguse kitu, kwa maana hapo ndipo inaporukia kuelekea usoni. Mashine hiyo pia usiitumie ndani ya chumba, moshi wake huua.

Kuna jambo la umeme ambalo kwetu lina uzito wa pekee. Grenda nyingi zina swichi inayojifunga. Umeme ukikatika katikati ya kazi, fundi huiweka chini na kwenda kupumzika. Umeme ukirudi, grenda inaanza kuzunguka yenyewe sakafuni, mara nyingine karibu na watoto. Umeme ukikatika tu, zima swichi na uchomoe waya. Na hata siku ya kawaida, usiiweke chini kabla jiwe halijasimama, kwani huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa baada ya kuzimwa.

Cheche nazo zina safari ndefu. Ondoa petroli, thina, rangi, magunia, maranda na godoro umbali wa mita 10 kuzunguka, weka ndoo ya mchanga karibu, na kabla hujaondoka rudi ukague kama kuna kinachofuka. Kitu kimoja kisikatwe kwa grenda hata kidogo: pipa lililowahi kuwa na petroli, dizeli, mafuta ya taa au thina. Mtu huliona tupu akadhani ni salama kulifanya jiko au tangi. Mvuke uliobaki ndani, ukichanganyika na hewa, hulipuka kwa cheche moja, na pipa tupu ndilo linalolipuka vibaya kuliko lililojaa. Kulisuuza kwa maji na sabuni hakutoshi. Tafuta pipa ambalo halikuwahi kubeba kitu kinachowaka.

Vumbi la zege, tofali na marumaru linaonekana kama uchafu wa kuoga tu ukaisha. Ndani yake mna silika, chembe ndogo zinazoingia ndani kabisa ya mapafu na kuyaachia makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna tiba ya kuuondoa, na humfanya mtu apatwe kirahisi na kifua kikuu. Mashine ya petroli yenye mpira wa maji ipewe angalau nusu lita kwa dakika, na vumbi litapungua sana. Lakini msaidizi asimwagie maji kwenye grenda ya umeme kwa chupa, kwa kuwa umeme na maji vitawachukua wote wawili. Kwa marumaru, tumia kikatio cha mkono chenye gurudumu dogo la kukwaruza kisha kuvunja, hakitoi vumbi kubwa wala hakihitaji umeme. Kwa kazi isiyoepukika vaa barakoa ya N95 au FFP2, ikubane uso vizuri. Kitambaa au barakoa ya hospitali haizuii chembe hizi. Paa la zamani la asbesto usiliguse kwa grenda kabisa, vumbi lake husababisha saratani.

Uvae nini kingine? Miwani ya kazi inayofunika na pembeni, na juu yake ngao ya uso ya plastiki kama unaweza kuipata. Miwani ya jua haikutengenezwa kuzuia kipande cha jiwe. Vizibo vya masikio, kwa sababu grenda hufikia desibeli 100 hivi na sikio huanza kuumizwa kuanzia 85. Viatu vigumu, si kandambili. Nguo ya pamba nzito iliyobana, kwa kuwa nguo za nailoni na poliesta huyeyuka na kugandia ngozi. Kanga, shuka, ushungi unaoning'inia na shati lisilofungwa vifungo viwekwe kando. Glavu ziwe za ngozi zinazokaa sawa mkononi, zisilegee. Vifaa hivi utavipata kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, Kariakoo na Gerezani kwa walio Dar es Salaam, na katika miji mingine kwenye mitaa ya mafundi. Ukianza na miwani, vizibo na barakoa, gharama yake yote haifiki bei ya grenda yenyewe.

Ikitokea umekatika, bana jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, inua kiungo juu, uelekee hospitali bila kukifungua kuchungulia. Kidole kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu, kidole kisiguse barafu yenyewe. Chembe ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka. Isipotoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usikubali fundi mwenzako aitoe kwa ncha ya kitambaa au njiti, maana chembe ya chuma huanza kutu jichoni katika muda mfupi. Ukihisi kitu kimepenya ndani ya jicho, usioshe wala usifikiche, lifunike kwa kikombe cha karatasi bila kulikandamiza. Kwa macho, Dar es Salaam kuna hospitali za CCBRT na Muhimbili, Moshi kuna hospitali ya KCMC, na kwa ndugu zetu wa Kenya kuna hospitali ya Kikuyu. Namba ya dharura ni 112 katika nchi zote mbili, na Zimamoto Tanzania ni 114.

Na gharama za matibabu? Kama umeajiriwa Tanzania, mwajiri anatakiwa kukuchangia katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na mchango huo haukatwi kwenye mshahara wako. Mpe taarifa ya ajali mapema, kwa maandishi, na utunze vyeti vya hospitali. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka pia akupe vifaa vya kujikinga, na msimamizi wa sheria hiyo ni OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Kenya wana sheria mbili za mwaka 2007, moja ya usalama kazini na nyingine ya fidia ya majeraha kazini.

Neno langu la mwisho ni kwa mabwana wa karakana. Kijana aliyekuja jana kujifunza kazi hawezi kuwakatalia mnapomwambia akate. Msimpe grenda kabla hajaweza kuwasomea ninyi kilichoandikwa kwenye jiwe, na msimpe bila miwani.